Gari ya Kumpokea Maryanne

MAMA NABWIRE: Haloo? Nani huyo? Ongea kwa nguvu, mashine inasaga.

WECHULI: Ni mimi, Mama. Wechuli.

MAMA NABWIRE: Wechuli gani?

WECHULI: Kwani una Wechuli wangapi?

MAMA NABWIRE: Yule wangu wa Canada hupiga Jumapili. Leo ni Alhamisi. Na huko kwenu si bado alfajiri? Nani amekufa?

WECHULI: Hakuna mtu amekufa. Zima mashine kidogo, tafadhali.

MAMA NABWIRE: Niko na wamama watano kwa laini na magorogoro yao ya mahindi. Wakihamia posho mill ya pale chini kwa sababu yako—

WECHULI: Mama, gari imekataa kushika.

(Mlio wa mashine unapungua, unanyamaza.)

MAMA NABWIRE: Rudia.

WECHULI: Imekataa. Tangu saa kumi naipiga selfu, inaguna mara moja inanyamaza. Na Maryanne anatua saa tatu asubuhi. Hapa Edmonton sasa ni saa kumi na moja na nusu, na mpaka airport ni dakika arobaini.

MAMA NABWIRE: Maryanne wangu?

WECHULI: Bibi yangu, Mama.

MAMA NABWIRE: Baada ya harusi alikaa na wewe wiki mbili. Na mimi amekaa miaka tatu hapa Nyalenda akingoja makaratasi yenu. Piga hesabu mwenyewe uniambie ni wa nani.

WECHULI: Sawa, ni wetu. Lakini leo asiponikuta pale—

MAMA NABWIRE: Si uchukue teksi?

WECHULI: Nimeita. Wanasema masaa nne, baridi imelaza magari ya mji mzima. Na nilimwahidi nitakuja na gari yetu. Mama, huyu msichana amenisubiri miaka tatu. Leo sitaki anisubiri hata dakika tano. Hajui mtu hapa, laini yake ya simu haitashika, na kitu amevaa ni ile sweta—

MAMA NABWIRE: Ile sweta nilifuma mimi. Ni nzito.

WECHULI: Mama, nje ni digrii thelathini na sita chini ya sufuri. Ukitema mate yanafika chini yakiwa mawe.

MAMA NABWIRE: Basi usiteme. Nisikize. Miaka ishirini na moja nimeamsha dizeli kila asubuhi, na dizeli ni dizeli hata ikienda ng'ambo. Mafuta iko? Haijaganda kama ile ya kupikia ya mkebe?

WECHULI: Iko. Huku wanauza dizeli ya msimu wa baridi, nilijaza Jumapili. Shida ni injini. Imekuwa barafu.

MAMA NABWIRE: Sasa watu wa huko hufanyaje? Ama hawaendi kazi mpaka jua litoke?

WECHULI: Wanachomeka.

MAMA NABWIRE: Wanachomeka nini?

WECHULI: Gari. Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, ndiye ametoka kunieleza saa hii. Anasema ndani ya injini kuna koili, kama ile ya kuchemsha maji ya kuoga. Waya yake inatokea hapa mbele ya gari na plagi. Jioni ukipaki, kuna nguzo ya stima, unachomeka, injini inalala na joto mpaka asubuhi.

MAMA NABWIRE: Si basi uchomeke.

WECHULI: Yangu haina plagi.

MAMA NABWIRE: Walikuuzia gari nusu?

WECHULI: Ilikuwa nayo. Ilikatwa.

MAMA NABWIRE: Nani alikata?

WECHULI: Mimi. Mwezi wa saba.

MAMA NABWIRE: Yawa! Mtu mzima, umesoma mpaka chuo, unakata waya ya gari. Mjinga gani alikwambia ukate?

(Wechuli anapumua kwa simu.)

MAMA NABWIRE: Wechuli. Nauliza, mjinga gani—

WECHULI: Mtandao unakatika, Mama.

MAMA NABWIRE: Haukatiki, nasikia ukipumua. Jina.

WECHULI: Unakumbuka siku nilinunua gari nikakuonyesha kwa video? Nikaizunguka mpaka huku mbele?

MAMA NABWIRE: Ile waya nyeusi.

WECHULI: Ile ile.

MAMA NABWIRE: Iliyokuwa inaning'inia.

WECHULI: Ukasema—

MAMA NABWIRE: Najua nilisema nini.

WECHULI: Ukasema hiyo ni stima ya wizi. Ukasema mwenye gari alikuwa akiunganisha gizani, na mimi ni mgeni wa watu, wakinipata nayo wananirudisha Nyalenda na ndege ya kwanza. Ukasema kata saa hii nikiona.

MAMA NABWIRE: Sasa ni nani wa Nyalenda ataona waya inaning'inia aseme hiyo ni ya joto? Si ulikuwa hapa siku watu wa stima walikuja na ngazi, wakakata laini nzima? Nyumba kumi na moja gizani wiki mbili, kwa ajili ya waya moja kama hiyo.

WECHULI: Nilikuwa. Ndiyo maana nilikata bila kuuliza.

MAMA NABWIRE: Na ungenificha mpaka lini?

WECHULI: Mpaka uzeeke. Nilitaka tu uniambie vile dizeli baridi huamshwa.

MAMA NABWIRE: Ngoja. (mbali na simu) Mnacheka nini nyinyi? (kwa simu) Wamesikia. Simu iko spika, mikono yangu ina unga. Mama Shantel amekalia gunia la watu, anacheka mpaka machozi.

WECHULI: Mama, mtaa mzima sasa utajua.

MAMA NABWIRE: Wacha wajue. Nimekosa. Si wewe, ni mimi. Nilijifanya najua gari ya watu sijawahi kuona baridi yao. Umesikia? Usiniambie nirudie, mara moja imetosha.

WECHULI: Imetosha, Mama.

MAMA NABWIRE: Haya. Ile plagi uliitupa?

WECHULI: Sikutupa.

MAMA NABWIRE: Hiyo ni damu yangu. Iko wapi?

WECHULI: Niliifungia pasi. Ya pasi ilikuwa imeungua.

MAMA NABWIRE: Fungua kwa pasi.

WECHULI: Lakini bado sijapiga shati—

MAMA NABWIRE: Miaka tatu Maryanne ameniona na unga mpaka kwa nyusi. Hataangalia mkunjo kwa shati. Fungua. Na kabla ya plagi, toa betri. Negative kwanza. Ingiza ndani ya nyumba, weka karibu na hita, si juu yake. Betri ni kama mzee, ukiiamsha na baridi haina nguvu ya kusimama.

WECHULI: (anahema) Ngoja nivae glavu... Vidole havina hisia.

MAMA NABWIRE: Polepole. Mama Shantel anasema umwagie injini maji moto.

WECHULI: Mwambie hapa maji moto ukirusha juu yanashuka yakiwa theluji.

MAMA NABWIRE: Sasa anasema uweke jiko chini yake.

WECHULI: Wazima moto watafika kabla ya Maryanne.

MAMA NABWIRE: (mbali na simu) Mama Shantel, hebu chambua mahindi yako. (kwa simu) Betri?

WECHULI: Iko ndani. Na plagi nimefungua.

MAMA NABWIRE: Uko na blanketi ya kufunika boneti?

WECHULI: Niko na yangu nyepesi.

MAMA NABWIRE: Nzito haiko?

WECHULI: Iko ile mpya... nilimnunulia Maryanne.

MAMA NABWIRE: Hiyo.

WECHULI: Iko kwa karatasi yake bado, Mama. Ina maua.

MAMA NABWIRE: Toa kwa karatasi. Maryanne yuko kwa ndege, huko wanawafunika. Gari ndiyo inalala nje.

WECHULI: Itanuka dizeli.

MAMA NABWIRE: Mtoto ametoka kwangu. Hataona tofauti. Sasa waya. Kwa nguzo hujachomeka?

WECHULI: Bado.

MAMA NABWIRE: Hata kwa mawazo usichomeke. Ile ilibaki kwa gari ina rangi gani?

WECHULI: Nyeusi, nyeupe, kijani. Na ya plagi ni hizo hizo.

MAMA NABWIRE: Basi kila moja na ndugu yake. Pindua vizuri, kila moja na tepu yake, halafu tepu ingine juu ya zote.

WECHULI: Tepu imekuwa ngumu, inavunjika tu.

MAMA NABWIRE: Weka kwapani. Hesabu mpaka mia mbili.

WECHULI: Jirani ananiangalia kwa dirisha, Mama. Nimesimama kwa barafu na tepu kwapani.

MAMA NABWIRE: Mpungie mkono ule mwingine.

(Mtandao unakwaruza.)

WECHULI: ...mia mbili. Imelainika. Nafunga. Nyeusi... nyeupe... Sawa. Nachomeka?

MAMA NABWIRE: Simama mbali kidogo. Chomeka.

WECHULI: Mama, kuna sauti ndani. Kama sufuria ikianza kuchemka.

MAMA NABWIRE: Ndiyo hiyo. Usiiguse tena. Masaa mbili kamili, uje unipigie. Na unywe uji, usikae hapo ukiitazama.

WECHULI: Na isiposhika?

MAMA NABWIRE: Nimesema unywe uji.

(Simu inakatwa. Baada ya masaa mawili inalia tena.)

MAMA NABWIRE: Imeshika?

WECHULI: Hata salamu, Mama?

MAMA NABWIRE: Salamu ni ya watu ambao gari yao imeshika.

WECHULI: Sijajaribu. Betri nimerudisha, blanketi nimetoa. Nilitaka uwe hapo kwanza.

MAMA NABWIRE: Niko. Nilifunga mashine saa kumi na moja, hakuna kelele. Weka simu karibu na dashibodi.

WECHULI: Hujaenda nyumbani?

MAMA NABWIRE: Nimekaa tu hapa kwa gunia. Washa switch, usipige selfu. Kuna taa ya waya uliojikunja, ya kuonyesha silinda zinapata joto, imewaka?

WECHULI: Imewaka. ... Imezima.

MAMA NABWIRE: Funga, urudie. Dizeli yenye baridi haiamshwi na kelele. Mara ya tatu ndiyo upige.

WECHULI: Ya pili... imezima. Ya tatu... imezima. Napiga.

(Injini inakohoa mara mbili, inanyamaza.)

WECHULI: Mama, imekataa. Atatoka na masanduku yake, aangalie watu wote, na mimi sitakuwa—

MAMA NABWIRE: Haijakataa. Nimesikia vizuri, ilitaka. Mguu ulikuwa wapi?

WECHULI: Kwa mafuta.

MAMA NABWIRE: Toa mguu. Nani alikwambia ukanyage? Na usiseme ni mimi.

WECHULI: (anacheka kidogo) Si wewe.

MAMA NABWIRE: Rudia taa. Mara tatu. Mimi sina haraka.

WECHULI: Mimi ninayo.

MAMA NABWIRE: Kaa nayo hapo kwa kiti. Taa.

(Switch inabofya mara tatu.)

WECHULI: Imezima ya tatu.

MAMA NABWIRE: Sasa. Piga ushikilie. Usiachilie. Shikilia, baba, shikilia—

(Injini inakohoa, inatetemeka, inashika. Mlio unatulia pole pole.)

WECHULI: Mama? Unasikia?

MAMA NABWIRE: Nasikia. Silinda moja imechelewa... Haya, na yenyewe imeingia. Zote nne ziko.

WECHULI: Asante, Mama. Wacha niende.

MAMA NABWIRE: Usiikimbize. Ipe dakika tano ipate joto.

WECHULI: Nina tatu.

MAMA NABWIRE: Basi tatu.

(Injini peke yake.)

WECHULI: Jana alienda vizuri? Pale airport ya Kisumu?

MAMA NABWIRE: Aliingia mlango akarudi mara mbili. Ya kwanza akasema amesahau kuniambia maharagwe yako kwa ndoo ya bluu. Ya pili hakuwa na cha kusema, alisimama tu. Nikamgeuza nikamsukuma.

WECHULI: Alilia?

MAMA NABWIRE: Yeye hakulia.

WECHULI: Na mashine leo umeiwasha na nani?

MAMA NABWIRE: Nilizungusha hendeli vile kawaida, na injini haishiki mpaka mtu wa pili aachilie levu. Halafu nikaita, "Maryanne, achilia levu." Mbele ya wateja wote. Hakuna mtu alicheka, hata Mama Shantel. Akaja akaachilia yeye.

WECHULI: Mama...

MAMA NABWIRE: Dakika tatu zimeisha. Toka. Na hita ya ndani uweke juu, usimpokee na gari baridi.

WECHULI: Nimeweka. Naenda basi. Tukifika nyumba tutakupigia wote wawili.

MAMA NABWIRE: Usikate.

WECHULI: Kuna nini?

MAMA NABWIRE: Hakuna kitu. Weka simu hapo. Nataka kuisikia ikienda.

WECHULI: Bando yako itaisha.

MAMA NABWIRE: Iishe.

WECHULI: Ni dakika arobaini, Mama. Huko jua linaenda kuzama. Nenda nyumbani upumzike.

MAMA NABWIRE: Nyumbani hakuna mtu, Wechuli.

(Injini. Mtandao unakwaruza, unarudi.)

WECHULI: Sawa. Nimekuweka hapa kwa kiti cha mbele.

MAMA NABWIRE: Na nikianguka kwa kona?

WECHULI: Nikufunge mkanda?

MAMA NABWIRE: Nifunge. Twende tukamchukue.