Kiraka cha Mayasa

Sogeeni, Ammar na wewe Asila, sogezeni viti mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti yangu haifiki tena hata mlangoni na maneno haya sitaki kuyarudia. Funga dirisha hilo, mwanangu, honi za Michenzani zimenichosha. Daktari keshasema lake nami sibishani naye. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Nyumba ya Chukwani, gari, na kile kiwanja cha minazi ni vyangu na vitakuwa vyenu. Nendeni kwa kadhi, kila mtu achukue fungu alilopangiwa na Mungu, na msigombane juu ya mlango na dirisha. Saa ya babu yenu nngependa aichukue Asila, Ammar ukiridhia, kwa sababu wewe hujawahi kufika mahali kwa wakati. Cheka tu, nnakujua.

Lakini kipo kimoja mnachodhani ni chenu, na hakikuwa hata changu. Mnajua kwamba maiti akiacha amana za watu zinatoka kwanza, ndipo watoto wagawane kilichobaki. Nnaisema Hifadhi, ile programu wewe Ammar unayowauzia wenye maduka kila mwezi, iliyokulipia mahari na inayoezeka paa la Chukwani. Hifadhi nliiiba, wanangu. Nimelisema.

Tulipoianza Pakacha, programu mama ya hiyo Hifadhi, nyinyi mlikuwa bado skuli. Tulikuwa watatu: mimi, Msabah muuza vipuri, na Mayasa binti Jecha, mwalimu wa hesabu wa Uroa, niliyemfundisha kuandika programu akanipita. Tuliona wenye maduka madogo wanahangaika na madaftari yaliyoliwa na mchwa, na programu za kununua bei yake inamaliza mtaji. Tukaandika yetu, ya kuweka bidhaa na oda na wateja, tukaifanya huria: atakaye aichukue bure, aufungue msimbo wake, yale maandishi yake ya ndani, aurekebishe, ampe na mwenziwe. Siku ya kuitoa tulikaa kwenye baraza ya Msabah, Mji Mkongwe, tukasoma Fatiha, tukasema hii ni wakfu kama kisima cha msikiti. Mimi nikawekwa mlinzi, maana yake kila aliyeleta marekebisho aliyapitisha kwangu, na nikiyakubali yanaingia kwenye Pakacha ya watu wote. Nlichaguliwa kwa mvi hizi tu, si kwa jengine.

Kisha wakaja wenye mahoteli, wakataka Pakacha yao izungumze na mawakala wa watalii huko Ulaya. Tukawaandikia kiongezo, kipande cha kupachika juu yake, tukawauzia. Msabah akawaka, akasema kitu cha wakfu hakiuzwi hata kijiti, akaondoka na mpaka leo tukikutana Darajani anavuka njia. Mayasa alisema kuuza si haramu, mlinzi naye anakula, ila tuuze kile ambacho mtu wa duka dogo akikikosa hadhuriki. Neno hilo lishikeni. Jasho lenu liuzeni, mafunzo yauzeni, viongezo vya wenye nazo viuzeni, wala msione haya. Haya niliyonayo mimi ni ya kitu chengine.

Pakacha ilikuwa na kasoro: umeme ukikatika ghafla, maandishi ya siku nzima yanapotea, na umeme wetu mnaujua. Mayasa akakaa miezi mitatu akaitengenezea dawa, kiraka kidogo, kisafi, kila kinachoandikwa kikahifadhiwa papo hapo. Akaniletea nikiingize. Nikamwambia, "Bado nnakipitia, mwanangu." Uongo. Nlikimaliza siku ileile na hakikuwa na dosari. Lakini ofisi ilikuwa imelala, Ammar anataka kuoa, na mimi nlikwishaonja hela za mahoteli. Nikakichukua, nikakibadilisha sura, nikafuta jina lake, nikakiita Hifadhi, nikakiuza. Na ili kiuzike, ilibidi ile ya bure iendelee kupoteza. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, na mchukuzi nlikuwa mimi. Kila umeme ulipozimika simu yangu ililia, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulifurahi.

Usilie, Asila. Bado sijafika penyewe.

Kule Uroa kulikuwa na kikundi cha akina mama wa mwani, na karani wao Bi Tabia, mwanamke ambaye harusini hakuna sinia lililopakuliwa kabla ya lake. Aliandika kwenye Pakacha ya bure kila gunia na mwenyewe aliyelileta. Siku moja umeme ukakatika katikati ya kupokea, magunia ya wanawake kumi na mmoja yakafutika. Wakasema ameyafuta kusudi, ayale. Yeye akasema mashine imesahau. Basi wakaniita mimi, mzee, mwenye kuijua, niwaamulie. Wakanitandikia jamvi jipya, wakanipikia pweza wa nazi. Bi Tabia akanitazama usoni, akasema, "Mzee Hamoud, waambie wenzangu. Mashine inaweza kusahau?"

Nlijua inaweza. Lakini nikikiri wataniuliza dawa iko wapi, na dawa nnaiuza. Nikasema, "Mashine haisahau, Bi Tabia. Anayesahau ni mtu." Nikala pweza wao, nikarudi mjini.

Wakamvua ukarani. Tangu siku hiyo haalikwi harusini, haalikwi hata hitimani, na akipita dukani wanawake wanashika vipochi vyao. Mayasa aliposikia alikuja hapa, mlikuwepo, mkadhani kaja kuniangalia homa yangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo. Nlikuletea dawa ukaifungia kabatini, kisha ukamtukana mgonjwa." Akageuka, akaenda zake. Baada yake wakaondoka wote. Wale vijana waliokuwa wakituletea marekebisho kutoka Pemba mpaka Mombasa wakanyamaza mmoja mmoja, kwa maana nani atampelekea jasho lake mlinzi anayelipiga mnada?

Miaka sita hiyo. Katikati yake nlikwenda Makka. Nliizunguka Al-Kaaba nikiomba msamaha wa kila kitu, na hili sikulitaja, nikidhani nisipolitaja litapita katikati ya mengine. Fikirini mtu mzima anayetaka kumpita Mungu mlango wa nyuma.

Nipeni maji kidogo. Basi.

Asila, chukua kompyuta, ingia mahali pangu pa ulinzi. Kiraka cha Mayasa kipo palepale, kinangoja. Umekiona? Nisomee jina. Kwa sauti. Naam, Mayasa Jecha. Kikubali. Ammar, usimshike mkono dada yako! Nnajua Hifadhi ndiyo inayolipa mishahara, nnajua na fundi yuko juu ya paa. Paa litangoja. Mkikosa cha kuuza, uzeni kazi ya mikono yenu, si hasara ya watu.

Umebonyeza? Alhamdulillahi. Miaka sita, na kazi yenyewe ni ya kidole kimoja.

Ulinzi wa Pakacha mkabidhini Mayasa. Akiukataa msimlazimishe, waulizeni jumuiya wamtake nani, wala asiwe mmoja wenu. Msabah mwambieni nnamtaka radhi; hakuwa sawa kwa yote, lakini aliogopa mapema kitu ambacho mimi sikukiogopa kabisa.

Na siku nikipelekwa msikitini, kabla sijasaliwa, mtu wa nyumbani husimama akauliza nani anamdai marehemu. Utasimama wewe, Ammar. Usiishie kwenye fedha kama wafanyavyo watu. Sema: baba yangu alitoa ushahidi wa uongo Uroa, mashine ilisahau, Bi Tabia hakula gunia la mtu. Na wewe Asila utayasema hayohayo ndani, kwa wanawake, kabla hawajaanza kusoma, kwa sababu wao ndio waliomvunjia heshima na kwao ndiko nnakotaka irudi. Mtaona haya. Oneni. Haya hiyo ni yangu, nibebeeni kidogo, mimi mikono yangu imeshalegea.

Siku hiyo Bi Tabia mpelekeeni gari, matangani akae mbele, na sinia la kwanza liwe lake. Akinisamehe, mshukuruni. Asiponisamehe, msimbembeleze, wala msimwambie ati maiti anasikia. Mwacheni na haki yake, mnizike hivyohivyo.

Radhi zangu mnazo, zote, wa kiume na wa kike. Mungu akupeni riziki ya halali hata ikiwa ya kula na kulala tu... akupeni na watu wa kukwambieni kweli mapema... Nlitaka kusema jengine, limenipotea.

Asila. Mwanangu. Jina lipo? Halijafutika?

Nisomee tena.