Lusekelo, Tarumbeta na Vidonge vya Siku Saba

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni Crispin, baba mdogo wa marehemu, maneno ni yangu mimi bibi yake niliyemlea, kwa hiyo asipunguze.

Lusekelo Andendekisye alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 huko Chimala, wilaya ya Mbarali, akaletwa kwangu hapa Iyunga mwaka 1994 baada ya wazazi wake kufariki. Alianza shule mwaka 1999, na tarehe 2 Juni 2003, akiwa darasa la tano, alianguka kifafa kwa mara ya kwanza, watoto wakakimbia, na watu wazima pia, wakiogopa povu, ambalo halimwambukizi mtu, mimi nimelifuta miaka yote ile na ndimi huyu hapa mnaniona. Hospitali wakampa fenobabitoni, kuanguka kukapungua, ila alikuwa anasinzia hata kijiko kikiwa mdomoni, hesabu za kuzidisha zikampotea, akarudia darasa, akamaliza la saba mwaka 2006.

Mwaka 2011 aliajiriwa katika duka la vitambaa la Bwana Jatin, Mwanjelwa, na mwaka huohuo daktari akamhamishia kwenye fenitoini. Wiki za mwanzo dozi ilimzidi, akawa anayumba kama katoka kilabuni, akawaona Bwana Jatin wawili na kuwasalimia wote kwa heshima, basi dozi ikapunguzwa, akatulia, na kwa zaidi ya miaka kumi na tatu hakuanguka tena.

Nilimuuliza daktari dawa hiyo inafanya nini humo kichwani, na alivyonieleza niliona mifereji ya mpunga ya Chimala, kwamba umeme wa ubongo unapita kidogo kidogo kama maji, kifafa ni pale maji yanapofumka yote kwa mara moja, na dawa inakaa vilangoni kuyazuia, mfereji wenyewe haiutengenezi, ndiyo maana inatakiwa iwepo kila siku, ukiitoa ghafla maji yanakuja kwa nguvu kuliko mwanzo.

Tarehe 18 Julai 2015 alifunga ndoa na Helena, binti wa wafugaji wa Usangu, na tarehe 9 Novemba 2016 wakapata mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Kwenye picha ya harusi bwana harusi amefumba mdomo, kwa sababu fenitoini huotesha ufizi, na wake ulishafika nusu ya meno.

Marehemu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa tangu mwaka 2008. Jumapili tarehe 6 Aprili 2025, kwenye mazoezi ya Pasaka, ufizi ulitoka damu ikaingia kwenye tarumbeta, na mimi bibi yake nikamwambia mbele ya bendi nzima, "Wewe, hapo unapuliza au unatafuna?" Bendi ikacheka, naye akacheka, mkono mdomoni. Kesho yake akaacha vidonge bila kumwambia mtu, akitaka ufizi urudi kabla ya Pasaka, wakati daktari alishamwambia kuna dawa nyingine, watambadilishia polepole, hii ikishuka ile ikipanda, na siku yake ya kliniki ilikuwa tarehe 24. Jumatatu tarehe 14 alianguka dukani, kifafa kikafuatana na kifafa bila yeye kuzinduka, akafariki hospitalini Jumatano tarehe 16, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka thelathini na minne, na ufizi ulikuwa palepale.

Tangu juzi nawasikia jikoni, "Dawa zimemla, zimeanza na ufizi zikamalizia roho." Kilichomuua ni siku saba bila dawa, na ulimi wangu ulichangia. Kulwa naye ana kifafa tangu mwaka jana, anameza kidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na tangu jana hajapewa, mama yake kawasikiliza nyie akavificha, nimevikuta ndani ya gunia la mchele. Mama Kulwa, sikulaumu, ukiona dawa inamsumbua mtoto nenda kliniki ukaseme, usiikate mwenyewe. Crispin, hapa nyamaza, usisome mpaka mtoto ameze, maji yamo kwenye kikombe cha bluu.

Haya, tuendelee. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bwana Jatin aliyemlaza ubavu na kumwekea jora la kitambaa chini ya kichwa huku wateja wakikimbilia barabarani, majirani wa Iyunga kwa kuni na maji, na bendi, ambayo leo itapiga bila kumcheka mtu.

Lusekelo, pumzika kwa amani, cha saa mbili usiku nitampa mwenyewe.