Sindano ya Fundi Telesphori kwenye Pikipiki ya Maji

Tarehe 30 Juni 1988 Fundi Telesphori Mabula anafunga karakana yetu na kurudi kwao Ushirombo, baada ya kuitumikia Zahanati ya Mtakatifu Rafaeli, hapa kando ya ziwa, miaka ishirini na miwili. Sista Philomena, msimamizi wetu, alipotaka mtu wa kuandika habari zake, wenzangu wa kufulia walinisukuma mimi, mama Dominiko. Walisema mwenye deni la shukrani ndiye aandike. Kusoma nimejifunzia kisomo cha watu wazima, basi mtanivumilia.

Fundi alianza kama spana boi, mtoto wa kuwashikia mafundi spana, kwenye karakana ya mgodi wa Geita. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 alikuja hapa na kisanduku cha vifaa na godoro. Jenereta ilikuwa imekufa, ikafufuka. Kitanda cha wajawazito kilichokuwa kikilia kama mbuzi kikanyamaza. Miaka ile ya shida, sabuni hakuna, dizeli hakuna, pampu ya kisima haikusimama hata siku moja, na tusiulizane alipata wapi vipuri.

Lakini kazi yake kubwa, kwangu mimi, ni pikipiki ya maji.

Mzungu mmoja mpima miamba alituachia mwaka 1980, ikiwa imeshachoka. Unaiendesha juu ya maji umesimama, umeshika usukani, kama mtu anayeswaga ng'ombe mkaidi. Boti ya zahanati ilipokosa dizeli, Sista akaamua chanjo za watoto wa kisiwani ziende kwa pikipiki hiyo, kwa vile petroli kidogo ilikuwa ikipatikana. Akachaguliwa mwanangu Dominiko, kwa sababu ni mwepesi. Sisi ni watu wa Ngokolo, pale Shinyanga mjini. Maji tuliyokulia ni ya ndoo. Mtoto wangu hajui kuogelea, na ile pikipiki ilikuwa inavuja.

Wavuvi walimtania Fundi pale ufukweni: "Hiyo ni pikipiki au ndoo?" Akawajibu, "Ndoo haivuji."

Akaanza kazi. Nyufa za bodi alizikwangua mpaka pakauka, akapaka gundi na kitambaa cha faiba. Mfuniko wa injini aliuwekea ukingo wa mpira wa tyubu. Pale fimbo ya injini inapotokea nyuma, ambapo ndipo hasa maji hupenda kupita, alibadilisha mpira na kushindilia grisi. Kila tundu aliloliona aliziba. Nikapumua.

Siku ya chanjo ya surua, mwaka 1984, Dominiko alikwenda vizuri mpaka katikati ya ghuba. Majani yakanasa chini, akazima injini ayatoe. Hapo ndipo pikipiki ilipoanza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Mimi nilikuwa ufukweni na beseni la mashuka, namwona mwanangu anapungua. Alikumbatia sanduku la chanjo, likawa ndilo linalomfanya aelee. Mvuvi Maige akamfikia kwa mtumbwi, akamvuta yeye, sanduku na pikipiki. Siku ile sikumsalimu Fundi. Yeye mwenyewe hakula.

Kesho yake aliipandisha pikipiki juu ya magogo, akaijaza maji kwa ndani. Alisema kama kuna tundu, maji yatatuonyesha yanapotokea. Tukazunguka wote tunainama, hata Sista na kilemba chake. Chini pakavu! Hakuna tone.

Fundi alikaa akiikodolea macho. Karibu yake Epifania wa duka la dawa alikuwa anavuta mafuta ya taa kwenye pipa kwa mpira, ya friji ya chanjo. Mafuta yaliendelea kumiminika mpaka alipoinua mpira juu ukavuta hewa, yakakata. Fundi akaruka. "Mama Domi, nipe sindano yako ya kushonea!"

Kumbe ndani ya pikipiki mna mpira unaofyonza maji na kuyatupa nje injini inapokwenda. Juu ya mpira ule kuna kitundu cha hewa, kidogo kama tobo la sindano, ili injini ikizimwa hewa iingie, maji ya ziwa yasirudi ndani kwa njia hiyo hiyo. Fundi, kwa kuziba kila tundu, alikiziba na hicho. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Alisimama mbele yetu sote akasema, "Niliiziba pumzi. Kosa ni langu." Akakizibua. Sindano yangu akaifunga kwa uzi mwekundu kwenye usukani, Dominiko akitoboe kitundu kila safari. Tangu hapo mwanangu amerudi mkavu, isipokuwa magoti.

Niliposikia Fundi anastaafu, usingizi ulinikimbia. Nani atakagua? Nadhani alijua. Juma lililopita alikalia kigoda, akamwambia Dominiko aijaze maji mwenyewe. Yeye hakugusa kitu. Dominiko akazunguka, akalala kifudifudi, akainuka: "Baba, bolti ya nyuma imelegea." Fundi akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa ameilegeza yeye asubuhi.

Akanigeukia. "Mama Domi, bado unaogopa?" Nikamwambia ndiyo. "Basi ogopa tu, mama. Anayeogopa ndiye anayekagua."

Fundi, funguo za karakana umezirudisha kwa Sista. Sindano yangu sikudai, ibaki pale pale. Wabeja sana, asante sana, baba. Nenda Ushirombo ukalime karanga zako, mvua ikukute umeshapanda, na nyumba yako isivuje mvua, ifurike wajukuu tu. Sisi huku kesho kuna safari ya kisiwani. Nitasimama ufukweni kama kawaida, ila safari hii nitakuwa nafua, si kumkodolea macho mwanangu.