Roswitha Pagel, Dereva wa Tramu Aliyevuka Daraja

Ndugu waombolezaji, mimi ni Jörn, mtoto wa pili wa marehemu.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, Prenzlauer Berg, hapa Berlin, akiwa mdogo wa Gerda, akasoma shule ya mtaani kuanzia 1947 hadi 1955, na mwaka 1958 akaajiriwa kukata tiketi kwenye tramu, akapanda hadi kuwa dereva. Gerda aliolewa ng'ambo ya pili ya mji, mtaa wa Wedding upande wa Magharibi, na tarehe 13 Agosti 1961 mji ukakatwa katikati kwa ukuta, Mama akiwa upande wa Mashariki, akina dada wakabaki huku na huku.

Tarehe 6 Juni 1964 Mama alifunga ndoa na Eckhard Pagel, fundi umeme, wakajaliwa Silke na mimi. Miaka ilivyosogea Gerda alipata vibali vya kututembelea, na kila akija alijisifia jiko lake: "Mdogo wangu, lile jiko unacheza dansi ndani!" Mama hakuruhusiwa kwenda kulishuhudia.

Asubuhi ya tarehe 10 Novemba 1989, aliposikia njia ya kuvuka ukuta imefunguliwa, alimkabidhi mwenzake tramu, akavuka daraja la Bornholmer na sare yake, akabisha hodi kwa Gerda.

"Wewe! Leo huna kazi?"

"Nimekuja kukagua jiko."

Jiko lenyewe lilimtosha mtu mmoja na nusu. "Mwongo mkubwa wewe, miaka yote hii!" Wakacheka mpaka wakaketi sakafuni, mmoja jikoni, mwenzake ukumbini, kwani wote wawili hawakuenea.

Oktoba 1995 tramu ziliporudi kuvuka daraja lile, Mama alikuwa miongoni mwa madereva, naye akatangaza kwenye kipaza sauti, "Kituo kinachofuata, kwa dada yangu," abiria wakapiga makofi. Alistaafu 2001, akawa anatembeza wageni mjini, na walipomuuliza ukuta ulikuwa wapi, aliwajibu, "Mmeshaukanyaga, twendeni."

Alianza kusumbuliwa na moyo Januari 2019, akafariki tarehe 3 Mei, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu, na madereva wenzake mliokuja na sare. Mama mkubwa Gerda, pale mbele, ameniagiza nimwambie marehemu kwamba atamfuata, ila hana haraka.

Basi Mama, tangulia, upumzike kwa amani.