Moja Saba Kwenye Bangili ya Toivo

Benchi la nje ya duka la mikate la Lempi, mjini Hancock, halijui kukaa tupu. Hata theluji ya Aprili ikiwa bado imejilaza ukutani, utawakuta Toivo, Arne na Reino, aliyepewa cheo cha Waziri kwa kusema sana bila kutenda, kila mmoja akichovya mkate wa iliki kwenye kahawa. Asubuhi hiyo Toivo hakuchovya. Mfukoni alikuwa na bangili ya shaba ya kumchumbia Lempi, na juu yake alikuwa amechonga moja saba kwa mstari: 1,111,111.

– Mwanamke huchumbiwa kwa pete, bwana, Arne alisema. Wewe unamletea hesabu.

– Yeye na yule mume wake wa kwanza waligawana kila kitu, mpaka mlango wa sauna akaung'oa akaenda nao. Namba hii haigawanyiki.

– Nani kasema?

– Nimeijaribu kwa kila namba mpaka mia mbili.

– Kwa nini ukaishia mia mbili?

– Kule juu namba zimeshachoka. Zitagawa nini?

Waziri akaunga mkono.

– Tena hizo moja ziko saba. Wawili wakigawana, ile ya katikati inabaki inashangaa tu. Madaraja yote yanashikiliwa na namba kama hii, serikali inaficha.

– Letu mbona linanyanyuka katikati meli ikija?

– Hilo waliweka moja sita.

Arne akatoa simu, akaanza pale Toivo alipoishia. Mia mbili kumi na moja ikagoma. Akaendelea taratibu huku anatafuna, Toivo macho kwenye kidole chake. Kwenye mia mbili thelathini na tisa kidole kikasimama.

– Imetoka elfu nne mia sita arobaini na tisa. Kamili, hakijabaki kitu.

Toivo akahisi bangili imekuwa nzito kama nanga. Akachukua karatasi ya kufutia mikono, akajaribu kuzigawa nazo hizo namba mbili. Safari hii hakuishia njiani. Zikagoma zote.

Lempi akatoka na birika.

– Mbona kimya, kama mmefiwa?

Toivo akaitoa bangili, akaeleza yote: alitaka kumpa kitu kisichogawanyika, na sasa kimegawanyika mbele ya mashahidi.

– Kimegawanyika vipi?

– Kwa njia moja tu. Kuna wawili ndani yake, mmoja mdogo, mmoja mkubwa. Wenyewe hawagawanyiki tena.

Lempi akaivaa, akaigeuzageuza.

– Na wewe ndiye yupi?

Toivo akamtazama Arne. Arne akamtazama Waziri. Waziri akachungulia ndani ya kikombe chake.

Lempi akainamisha birika. Yalitoka matone machache ya mwisho, yote akamtilia Toivo. Kisha akarudi ndani na bangili mkononi, na pamoja na baridi ile yote, mlango akauacha wazi.