Mwalimu Dorkas Loth, Aliyejibu "Bado" Madhabahuni

Mchungaji, Paroko, na ninyi nyote mliopanda mlima kuja kumsindikiza mama yetu, familia inaomba mtusikilize kidogo.

Mwalimu Dorkas Loth alizaliwa Myamba, wilayani Same, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mwinjilisti Loth na mkewe Jenifer, akabatizwa angali mchanga, jambo ambalo ukubwani alipenda kusema, huku akicheka, kwamba hakuulizwa.

Alianza shule hapa hapa Myamba mwaka 1959, akaingia darasa la kipaimara, akaijua katekisimu kuliko wenzake wote, na Jumapili ya Mitende, tarehe 3 Aprili 1966, kanisa likiwa limefurika na mbuzi wa sherehe keshachinjwa, mchungaji alipomfikia na kumuuliza kama anataka kudumu katika imani hii hadi kufa, binti huyo wa miaka kumi na mitano akajibu, "Bado."

Mchungaji akadhani amesikia vibaya, akarudia swali.

"Umeniuliza kama nataka," akasema Dorkas, "nami sijajua, naogopa kumdanganya Mungu nyumbani kwake."

Wajomba walitaka achapwe, na wazee wa usharika wakasema mwinjilisti aliyeshindwa na bintiye avuliwe kazi, lakini Mzee Loth akasimama mlangoni mwa kanisa akawaambia, "Bwana mwenyewe anabisha hodi, mimi ni nani nivunje mlango?" Kazi hakuvuliwa, mbuzi akaliwa, na tangu siku hiyo baba hakumuuliza tena binti yake.

Mwaka 1970 alihitimu ualimu, akapangiwa Myamba, na kila Jumapili alikuwa ibadani, akiimba sauti ya pili, ila wengine walipokwenda kwenye Meza ya Bwana yeye alibaki benchini, na si kazi ndogo kubaki benchini miaka kumi na moja, tangu Jumapili ile ya Mitende, huku kijiji kizima kinakutazama.

Mwaka 1975 alichumbiwa na Elinaza, fundi seremala, lakini bila kipaimara ndoa ya kanisani haikuwezekana, na ndugu wa mchumba wakamsihi aseme tu ndiyo, yaishe. Akamwambia Elinaza, "Nikimdanganya Mungu ili nikupate wewe, kesho nitakudanganya wewe ili nipate nini?" Baba yetu Elinaza, aliyeketi hapa mbele, anasema hapo ndipo alipojua amepata mke, akasubiri.

Ikafika Septemba 1977, Jumanne moja baada ya vipindi, mama akipalilia maharage na kujiimbia kama kawaida, akang'amua kwamba haimbi hewani, kuna Anayemwimbia, na kwamba amekuwa akimwimbia siku nyingi bila kukiri. Alitupa jembe, akapanda kwa baba yake na tope magotini.

"Shikamoo, baba. Sasa nataka."

"Marahaba. Nani kakulazimisha?"

"Hakuna."

Mzee Loth akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia.

Tarehe 2 Oktoba 1977 alipiga magoti katikati ya watoto, wengine wanafunzi wake mwenyewe, akajibu kwa sauti iliyosikika hadi nje, na tarehe 26 Novemba wakafunga ndoa, wakajaliwa Tumainieli, Blandina na Agape.

Hakuna aliyeburutwa kanisani. Mwaka 2009 Agape alipotaka kuwa Mkatoliki kama mchumba wake tulitarajia radi, kumbe mama aliuliza tu, "Unataka wewe, au unamfuata binti?" Agape akajibu, "Vyote viwili, mama," na siku ya kupokelewa kwake mama akashona gauni jipya, akakaa benchi la mbele parokiani, na ndiyo maana leo mnazisikia kwaya mbili.

Alistaafu mwaka 2011. Ugonjwa wa moyo ulianza mwaka 2022, na Desemba iliyopita, mvua ilipokata barabara, majirani walimteremsha kwa machela hadi kwenye gari, naye akawa anawaambia waende polepole awasalimie watu, maana hajawahi kubebwa kama bibi harusi. Alifariki hospitalini Same, Jumanne tarehe 11 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani kwa mabega yenu, walimu wenzake na wanafunzi wake wote, wenye mvi na wasio nazo. Alituachia agizo moja, kwamba baada ya mazishi asiondoke mtu bila kula na kuimba.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, nasi tunaanza kuimba.