Moyo wa Mwalimu Jenoveva

Mwalimu Jenoveva Masatu alizaliwa tarehe 17 Agosti 1967 kisiwani Rukuba, mtoto wa nne wa mvuvi Masatu Keraryo na Mama Selestina. Alisoma shule ya msingi Buhare akikaa kwa shangazi yake, kisha sekondari na chuo cha ualimu.

Kwa miaka ishirini na tisa alifundisha biolojia Bunda. Siku moja aliingia darasani na moyo wa sangara. "Mnamlaga kila siku, moyo wake hamjawahi kuuona?" Akaupasua mezani, hata waliozoea kusinzia wakasogea.

Tarehe 2 Julai 1994 alifunga ndoa Butiama na Felisiani Chacha, ambaye baadaye alikuwa mzee wa kanisa. Walijenga Nyasura, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 2019 aligundulika ana presha, na moyo ulikuwa umeshatanuka. Dawa ya kwanza ilimletea kikohozi kikavu; majirani wakanong'ona kwamba ni TB. Daktari akambadilishia losatani. Mwalimu alimweleza mumewe: "Kuna homoni inaitwa angiotensini. Ikishika vipokezi vyake, mishipa inabana, moyo unaharibika. Kidonge hiki kinaviziba, ikose pa kushika." Kikohozi kikaisha, akarudi kulima bustani yake bila kuhema.

Mwaka jana, katika maombezi, Mzee Felisiani alimwita mbele. "Umepona. Toa dawa." Mwalimu alipozitoa, Mzee akazimwaga sakafuni, akazikanyaga. Watu walipiga makofi. Nyumbani akaifungia kadi ya kliniki kabatini. "Ukimeza tena, umenifanya mwongo mbele ya kanisa."

Mwalimu alijua vizuri kitakachofuata. Hata hivyo alitii, kama alivyotii miaka thelathini. Miguu ikavimba, akawa analala ameketi. Mumewe alisema anaigiza.

Tarehe 12 Januari 2026, mdogo wake Machibya, anayesoma wasifu huu, alimpeleka hospitali Musoma. Mumewe alikuja, akapiga magoti amwombee.

"Usiombe," Mwalimu alimwambia. "Kaa hapo uone."

Alikaa. Aliona. Mwalimu alifariki Jumatano, tarehe 14, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wake Dorah na Gody, wajukuu watatu, na mama yake mzazi. Aliagiza Mzee Felisiani asitupe udongo kaburini. Watoto wamekubali, na Mzee ameambiwa.

Mwenyezi Mungu ampumzishe mwalimu wetu kwa amani.